Semina ya ubunifu imeisha, mameneja wa matawi wako palepale. Nianzie wapi?

Afisa_Mafunzo
Habari za jioni wadau. SACCOS yetu ina matawi 7. Mameneja wote walipelekwa semina ya siku mbili ya kuongoza ubunifu, wakarudi na vyeti. Miezi mitatu imepita, sanduku la maoni lina karatasi 4, mbili zinalalamikia choo. Bodi imetenga milioni 6 kwa mwaka na inataka kuona matokeo. Huku mkopo wa dharura, ambao ungetoka kwa siku 2 au 3, unachukua 9 hadi 11. Sitaki semina nyingine. Nataka mameneja wajifunze kazini. Mnashauri nini?

Mtu_wa_Kaunta
Mkuu, darasa lao umeshalitaja: huo mkopo wa dharura. Anza na mameneja 3, wiki 12.

Wiki 2 za kwanza ni marufuku kutoa wazo. Kila meneja achukue fomu 10 za mikopo ya dharura iliyokwisha kutolewa, aandike kila fomu ilifika meza ipi lini na ikatoka lini. Kisha akae nyuma ya keshia saa nzima siku ya mshahara, na saa nzima siku ya kawaida, akiangalia tu. Akitenganisha muda wa kazi na muda wa kusubiri, mara nyingi atakuta kazi yenyewe ni dakika chache. Siku zilizobaki fomu imelala, inamngoja mdhamini aliyesafiri au kamati ya mikopo inayokaa Alhamisi. Meneja aliyezoea kuletewa ripoti mezani atagoma hapa. Usimwachie akamtuma msaidizi, maana atakayejifunza ni msaidizi.

Wiki ya 3, ukurasa mmoja wa A4: tatizo kwa namba, chanzo chake, tutakachojaribu, na tutajuaje kwamba jaribio limeshindikana. Hicho cha mwisho ndicho huwatoa jasho. "Kuboresha huduma" siyo kipimo. Kipimo ni hiki: katika fomu 20 zijazo, 15 au zaidi zitoke ndani ya siku 3, zikiwa chini ya 10, tunaacha, zikiangukia katikati, tunarekebisha kitu kimoja na kurudia.

Wiki ya 4 hadi ya 9 ni majaribio, kila meneja kwenye tawi lake, mkopo wa aina moja, badiliko moja kwa wakati. Ukibadili fomu na ratiba ya kamati wiki ileile, hutajua kipi kimesaidia. Kila jaribio lipewe laki 3 ambazo meneja anasaini mwenyewe. Akilazimika kuomba kibali makao makuu ili anunue daftari, atakachojifunza ni kuomba.

Bi_Ukaguzi
Naongezea lililosahaulika. Kabla ya jaribio kuanza, bodi itoe barua ya ukurasa mmoja: nini kinaruhusiwa, hadi tarehe gani, nani ana mamlaka ya kulisimamisha. Meneja anaweza kubadili mpangilio wa fomu au zamu za kaunta. Kiwango cha mkopo, riba na idadi ya wadhamini asiguse, hayo yako kwenye sera.

Mkaguzi wa ndani aitwe wiki ya 3, siyo ya 12. Majaribio ya "kuharakisha" huanguka mahali pamoja: hatua zinaunganishwa hadi mtu mmoja anapokea fomu, anaidhinisha na kutoa fedha. Hapo kasi itaonekana, na wizi utafuata.

Mwambao77
Wafundishwe pia kusoma matokeo wasiyoyatarajia. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya kuanzia Oktoba 2005, kusudi lilikuwa wateja wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, walipe marejesho ya mikopo kwa simu. Mawakala walikuwa 8, wateja wapatao 500. Wateja wakaanza kutumiana hela, wengine wakiweka fedha kabla ya safari na kuzitoa wakifika. Upande wa Faulu, kuoanisha hesabu za mfumo mpya na vitabu vyao kukawa kazi ngumu. Meneja mwingine angeandika "wateja wanatumia huduma vibaya" na kufunga faili. Wasimamizi wakafuata tabia ile, na Machi 2007 Safaricom ikaizindua kama huduma ya kutuma pesa.

Kwa hiyo kwenye ile A4 weka swali la ziada: watu wamefanya nini ambacho hatukukipanga? Lijazwe na keshia.

Afisa_Mafunzo
Asanteni sana. Yupo meneja ambaye keshia akimletea wazo humjibu "andika, nitalipeleka juu". Huyo tumfanyeje?

Mtu_wa_Kaunta
Mpe siku 7 za kujibu, na majibu matatu tu: "tunajaribu kuanzia Jumatatu", "hapana, kwa sababu hii", au "nahitaji namba hizi, tuzitafute pamoja". Jibu liandikwe na tarehe kwenye ubao ulio nyuma ya kaunta. Kila Jumanne kabla ya kufungua, kikao cha dakika 15 mkiwa mmesimama, meneja aseme wa mwisho. Akitangulia yeye, wengine wote watakubaliana naye.

Wiki ya 10 hadi ya 12, hao 3 wawafundishe wale 4 waliobaki, wakianza na jaribio lililoshindikana.

Sanduku liondoeni. Ila choo kitengenezwe wiki hii, kwa masurufu ya tawi. Walioandika zile karatasi mbili bado wanasubiri jibu.