Wakuu, naomba ushauri: Robert wa Artois na shangazi yake Mahaut, nani alidhulumiwa?

Karani wa Usiku: Wakuu, habari za jioni. Naandika tamthilia ya Kiswahili kuhusu ukoo wa Artois, kaskazini mwa Ufaransa. Onyesho limebakiza wiki tatu, nimekwama, usingizi sina. Jimbo lilikuwa la Robert wa Pili. Mwanawe Philippe alifariki 1298 kwa majeraha ya vita, akaacha mtoto wa kiume, huyu Robert ninayemwandika. Babu naye akauawa vitani Courtrai 1302. Jimbo akapewa binti yake Mahaut, mjukuu akaambulia patupu. Je, alidhulumiwa? Nimalizeje?

MamaTatu: Kadhulumiwa, kuna swali hapo? Babu yetu alipofariki, shangazi aliondoka matangani na hati ya shamba kaifunga kwenye kanga. Tangu siku hiyo mimi na mashangazi basi.

Shehe Mdogo: Wangefuata faraidhi yasingefika huko. Binti mmoja nusu, mke akiwepo thumni, kinachobaki ni cha wajukuu kwa mtoto wa kiume, mwanamume mafungu mawili.

Mpenda Historia: Mkuu, hujasema yote. Kwa mila ya Artois mrithi ni mtoto aliye hai. Mjukuu hasimami mahali pa baba aliyefariki. Robert alishindwa kesi 1309, akashindwa tena 1318. Mahaut alipofariki 1329, Robert alifanya nini? Mbona hapo umepita kimya?

Karani wa Usiku: Sawa. Alipeleka barua za kuonyesha kwamba babu alimwachia baba yake Artois, na zilikuwa za kughushi. Kwenye tamthilia nimezifanya za kweli. Mavazi yameshashonwa, kijana anayecheza Robert ameshakariri kurasa 12. Na ile hukumu ya 1318 ilitolewa chini ya mfalme Philippe wa Tano, mume wa binti wa Mahaut! Mtu aliyenyimwa hivyo, mimi nikimpa ushindi jukwaani kosa liko wapi?

Kijana wa Kando: Hii chai, tena haina hata sukari. Shangazi, barua feki, mkwe kuamua kesi? Huu ni ugomvi wa kwenu, umeuvisha majina ya Kifaransa. Sema kweli, Robert ni wewe?

MamaTatu: Hata mimi nimeanza kushtuka. Hizo barua unazo wewe?

Mpenda Historia: Si chai. Aliyeghushi ni mwanamke, Jeanne de Divion, na alichomwa moto 1331. Mwaka uliofuata Robert akafukuzwa Ufaransa na mfalme Philippe wa Sita, kaka wa mkewe, ambaye Robert mwenyewe alimsaidia kupata kiti cha ufalme 1328. Akaishia kwa Edward wa Tatu wa Uingereza, akafa 1342 kwa majeraha ya vita vya Vannes. Mkuu, Jeanne alikufa kwa barua hizo. Ukizifanya za kweli, umemfuta.

Karani wa Usiku: Jeanne sikumwandika kabisa. Niliona atamchafua Robert.

Shehe Mdogo: Ndiyo maana hulali.

Karani wa Usiku: Kurasa za Robert sizikati, bado naamini mila ile ilimwonea. Ila kwenye kundi kuna dada mmoja, sauti yake nzito, nilimpa kazi ya kufungua pazia tu. Kesho asubuhi nampelekea maneno ya Jeanne.