Tupeane uzoefu: bolti za injini ya pikipiki zilizoganda kwa kutu, ulizitoaje?

SpanaNane (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Nina injini ya pikipiki mezani, hii wiki ya pili. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kufungua kava ya klachi, kubadili gasketi iliyokuwa inavujisha oili, kufunga, basi. Bolti tisa za M6 (unene wa milimita 6), kichwa cha spana namba nane. Saba zilitoka bila shida. Ya nane ikagoma. Nikachomeka bomba kwenye mpini wa racheti nipate nguvu zaidi, nikasikia "tik", mkono ukawa mwepesi ghafla. Kwa sekunde moja nilifurahi, nikadhani imelegea. Kumbe kichwa kimebaki ndani ya soketi na mwili umebaki kwenye injini.

Kosa langu nalijua. Bolti ya M6 hapo hukazwa kwa nyutonimita 10 hadi 12 hivi, mimi nikaipa nguvu ya nati ya gurudumu. Ya tisa sijaigusa mpaka leo, naiogopa. Iliyokutesa wewe uliitoaje, na uliharibu nini njiani? Hasa mlioharibu, msione aibu.

BisibisiButu

Pole mkuu. Mimi yangu yalikuwa skrubu za nyota kwenye kava ya magneto, pikipiki ya Kijapani ya zamani. Nimeua vichwa vinne kabla ya kuelewa kwamba nyota ile si sawa na nyota ya bisibisi ya kawaida. Wajapani wana kipimo chao, JIS, na mara nyingi kichwani utaona kanukta kadogo. Bisibisi ya Phillips haishuki hadi chini ya ile nyota, kwa hiyo ukiikaza inapanda na kutafuna pembe. Nilipopata ya JIS, halafu nikaazima ile bisibisi ya kupigwa nyundo (unaipiga kitako, inasukuma na kuzungusha kwa wakati mmoja), skrubu zilizobaki zilitoka kwa pigo moja au mawili. Vile vinne nilivyoua nilivichonga ufa kwa tindo, nikaviswaga pembeni taratibu mpaka vikazunguka. Kava ina makovu hadi leo.

MzeeWaTindo

Kijana, kabla hujalia, umeshatoa kava? Watu wengi kichwa kikikatika wanakimbilia drili. Bolti ya kava ya klachi ni ndefu, inapita kwenye kava nzima ndipo ifike kwenye uzi (ile mikunjo inayoshika). Toa zile zingine, gonga kava pembeni kwa nyundo ya mpira, uivute. Ikitoka, utakuta mwili wa bolti umechomoza kama kidole, na hapo una kitu cha kushika. Tena mara nyingi utagundua uzi wenyewe haukuganda. Kilichoganda ni ile sehemu laini ndani ya tundu la kava. Chuma na alumini vikikaa na maji, hasa ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Inatoa unga mweupe unaovimba na kubana bolti kama saruji.

Sasa hiyo ya tisa. Usiianze kwa kufungua. Weka panchi katikati ya kichwa, ipige mapigo mafupi makali, matano sita, ili kutu ipasuke. Kisha pasha moto alumini inayoizunguka. Usipashe bolti. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, kwa hiyo tundu linafunguka kidogo. Dondoshea tone la maji pembeni: likichemka na kutoweka papo hapo, umeshapita nyuzi 100, mara nyingi inatosha. Usisubiri uone wekundu. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, ya injini hata kabla ya hapo, na haikupi onyo la rangi. Nimeshuhudia mtu akisubiri kava "iwe nyekundu" na ikamdondokea miguuni.

Soketi iwe ya pembe sita, ya pembe kumi na mbili inakula vichwa. Anza kwa kukaza kidogo. Ndiyo, kukaza. Ikijongea hata unywele, rudi, kaza, rudi, huku ukiongeza mafuta ya kupenya. Ukihisi inakuwa laini kama mpira, acha. Huo si ulaini wa kulegea, ni chuma kinajinyonga kabla ya kukatika.

SpanaNane

Mzee, asante sana. Huo ulaini ndio niliouhisi kabla ya "tik"! Ila karibu na hapo kuna sili ya shafti ya kiki. Moto hautaichoma?

MzeeWaTindo

Itaungua, ndiyo. Sili ni kitu cha kubadili, krankesi (bodi lenyewe la injini) si kitu cha kubadili. Kama unataka kuinusuru, tumia mashine ya kupuliza hewa ya moto badala ya tochi ya gesi, na funika sili kwa kitambaa kilicholowa. Tangi la petroli liwe mbali, chumba kingine kabisa.

DadaWaJiliwa

Mimi nije na la aibu kama alivyoomba. Stadi (bolti isiyo na kichwa) ya ekzosti ilikatikia ndani ya hedi (kichwa cha injini), usawa kabisa, hakuna cha kushika. Nikatoboa katikati (nilidhani katikati), nikachomeka ile biti ya kung'olea yenye uzi wa kinyume. Ikakatikia humo humo. Sasa wenzangu, ile biti ni chuma kigumu sana. Drili inateleza juu yake na kuanza kula alumini pembeni. Nilimaliza siku nzima nikiisaga kwa kijiwe kidogo, tundu likaisha likiwa limepinda, ikabidi litobolewe upya na kuwekwa koili ya uzi (springi ndogo inayokuwa uzi mpya). Nilichojifunza ni kwamba biti hizo zina umbo la kabari. Unavyozidi kuzikaza ndivyo zinavyotanua bolti ndani ya tundu, yaani unaibana zaidi ile ile unayotaka kuitoa.

Mara ya pili, hedi nyingine, sikuigusa hiyo biti. Niliweka washa juu ya stadi iliyokatika, fundi akachomelea katikati, kisha nati juu ya washa, akaijaza kwa ndani. Chuma hakishikani na alumini, kwa hiyo hedi haikudhurika. Na joto la kuchomelea lenyewe linafanya nusu ya kazi. Nati ya kwanza ilikatika. Ya pili pia. Ya tatu ilizunguka. Kama injini iko bado kwenye pikipiki, chomoa betri na CDI (kisanduku cha umeme wa plagi) kwanza.

Na tafadhali sana: msisafishe sehemu kwa spreyi ya breki kisha mkachomelea. Zile zenye klorini zikipata joto kali hutoa fosijeni, gesi ya sumu ambayo iliua watu kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Tumia kitu kingine kisicho na klorini.

NatiMbili

Stadi ikiwa imechomoza na uzi wake ni mzima, usiitafune kwa plaizi. Funga nati mbili, zibananishe, kisha fungua kwa ile ya chini. Hayo tu.

KinyumeNyume

Mimi nilipigana na nati ya ndani ya injini kwa muda wa saa tatu, moto, mafuta, nyundo, kila kitu. Kumbe uzi wake ni wa kushoto. Nilikuwa naikaza. Tangu hapo, sehemu yoyote inayozunguka nasoma kwanza kitabu cha huduma.

SpanaNane

Wakuu, mrejesho. Kava imetoka! Mzee alisema kweli: bolti imechomoza kama sentimita tatu, unga mweupe umeizunguka sehemu ya katikati. Nilipuliza hewa moto, nikaishika kwa plaizi ya kujifunga, nikakaza kidogo kama nilivyoelekezwa, ikaachia. Uzi unang'aa kama mpya. Nilivunja bolti ambayo haikuwa na kosa.

Ila kava haikutoka kabla ya kupambana na ile ya tisa, na hiyo ilitaka vipindi vitatu vya kupasha. Kichwa kimeliwa pembe mbili, lakini ilikuja nzima.

Swali dogo: bolti mpya nizipake grisi ya shaba?

MzeeWaTindo

Paka kidogo, hasa kwenye ile sehemu laini inayopita ndani ya kava. Ila punguza nguvu ya kukazia. Uzi wenye grisi unateleza, kwa hiyo ukikaza kwa kipimo cha uzi mkavu utakuwa umepitiliza. Na lile bomba lako, litafutie kazi nyingine.