Tupeane uzoefu: uliyeishi karibu na mbunge baada ya ubunge kumalizika, maisha yalikuwaje?

Mwana wa Wete:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Juzi nimekaa barzani hapa Wete, Pemba, mara kapita mzee mmoja na kapu lake la samaki anatoka sokoni, kijana akaninong'oneza yule alikuwa mbunge miaka kumi. Wallahi sikuwa najua. Tunaowakumbuka ni wachache, kama Hamad Rashid aliyekuwa mbunge wa Wawi na akaongoza kambi ya upinzani Dodoma, baadae akawa waziri huku kwetu, au Dk. Hussein Mwinyi aliyekuwa mbunge wa Kwahani mpaka 2020 kisha akawa Rais wa Zanzibar. Lakini majimbo yetu ya Zanzibar kwenye bunge la Muungano ni 50, na kila miaka mitano kuna wanaorudi nyumbani kimyakimya. Hao wanaishi vipi? Wenye baba, mjomba, jirani au bosi wa namna hiyo naomba mseme, majina ya watu tuyaache.

Binti Micheweni:
Waalaykum salaam kaka. Baba yangu alikaa vipindi viwili. Watu wanaona raha tu, hawaoni safari, anaondoka alfajiri na gari mpaka Mkoani, boti mpaka Unguja, boti nyengine mpaka Dar, halafu basi la Dodoma kutwa nzima maana treni ya umeme haikuwepo enzi hizo. Kikao cha bajeti kikianza Aprili mpaka Juni iishe sie tunamuona kwenye TV tu, mama anatwambia nyamazeni baba yenu anauliza suali.

Akirudi ua umejaa watu. Na hapa ndipo palipokuwa pakimuumiza, mtu anakuja na habari ya kisima, mwengine skuli haina mwalimu wa hesabu, mwengine dawa hakuna, na yote hayo si mambo ya Muungano, ni ya serikali ya Zanzibar, wa kuyasemea ni mwakilishi, yule wa Baraza la Wawakilishi kule Chukwani. Baba Dodoma alikuwa na nguvu ya kuuliza habari za polisi, uhamiaji, mikopo ya elimu ya juu, vitu kama hivyo. Sasa mama wa watu kaja na ndoo tupu utamsomea orodha ya mambo ya Muungano? Basi akawa anatoa mfukoni mwake. Nauli za wagonjwa kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja Unguja, sanda, mchele wa hitma, mahari za vijana, mpaka mshahara wenyewe ukawa wa mkopo benki kila mwezi wanakata.

Aliposhindwa, simu iliyokuwa hailali ikanyamaza siku ya pili yake tu, nakumbuka aliitazama mara ngapi akidhani chaji imekwisha. Watu hawajui mbunge hana pensheni ya kila mwezi, anapewa kiinua mgongo kwa mkupuo basi, na cha baba kilimalizia lile deni. Miezi kama minne hivi hakutoka nje isipokuwa kwenda msikitini. Mama ndie aliyemuinua, akamwambia mikarafuu ya babaako inaota magugu na wewe upo ndani. Akaenda shamba.

Shimoni 2001:
Jirani yangu mie alichaguliwa Oktoba 2000, Januari 2001 yakatufika yale yaliyotufika Pemba, watu wakauawa na wengine tukavuka bahari mpaka Shimoni huko Kenya. Wabunge wa upande wetu, wa CUF, wakasusia bunge, viti vyao vikaondoka, ukaja kufanywa uchaguzi mdogo 2003. Yeye hakusimama tena. Kwa hiyo huyu ubunge hata hakuuonja, lakini mpaka leo kijijini anaitwa mheshimiwa na akiitika unaona uso unabadilika. Mie naomba watu wasimwite hivyo.

Dereva wa Zamani:
Nilimuendesha mmoja wa Unguja miaka mitano. Aliangushwa kwenye kura za maoni na watu wa chama chake mwenyewe, matokeo tuliyapata usiku tukiwa ndani ya gari, hakusema neno. Asubuhi nikamfungulia mlango wa nyuma kama kawaida, akaupita akaja kukaa mbele pembeni yangu, nikamwambia mheshimiwa vipi, akasema niite Maalim, ndivyo ulivyokuwa ukiniita uliponikuta nafundisha. Gari akaiuza mwezi ule ule. Na mie nilipoteza kazi siku ile, kiinua mgongo sikupata, hilo watu hawalisemi. Lakini aliniitia ndugu yake mwenye daladala nikapata mkono wa kuanzia. Sasa anafundisha watoto wa fomu foo nyumbani kwake, hawalipi kitu.

Mkaazi wa Shamba:
Wenu hao waungwana. Wa kwetu alihamia Dar na namba akabadilisha. Katuachia msingi wa madarasa mawili ulioanzwa kwa fedha za mfuko wa jimbo, umefika usawa wa madirisha ukasimama, aliyefuata tukimuuliza anasema si mradi wake. Watoto wanasoma zamu mbili na msingi umesimama hapo hapo mbele ya macho yao. Inaniuma sana.

Mwana wa Wete:
Dada wa Micheweni, mzee yu hali gani sasa?

Binti Micheweni:
Alhamdulillah mzima. Watu walirudi, ila si wale wa pesa, wanaokuja ni vijana walionyimwa mkopo wa chuo, baba anajua barua ya rufaa inaandikwaje na ipelekwe wapi, anakaa nao ukumbini mpaka magharibi. Nimemsomea uzi huu kasema niwaambie, mwenye mtoto wa namna hiyo amlete baada ya laasiri na vyeti vyake vyote, asubuhi asimtafute, karafuu ziko juu ya majamvi na mvua haina miadi.