Kohozi limeganda kooni tangu Juni: hizi dawa za Kihindi zinasaidia kweli?

Mwalimu_Chaki:
Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Nafundisha darasa la tatu. Tangu Juni kamasi linanishukia nyuma ya koo, halitoki wala halimezeki. Watoto hawahitaji kengele siku hizi, wakinisikia najikohoza koridoni wanakaa kimya. Nikiinama kufunga kamba za viatu paji la uso linakuwa zito. Matone ya pua nimetumia wiki tatu, sasa nisipoyaweka pua inaziba kabisa.

Jirani yangu Mhindi kanishauri jala neti, yaani maji ya chumvi yaingie pua hii yatokee pua ile. Jana nimejaribu kwa maji ya bomba, chumvi nikakisia kwa vidole. Machozi yalinitoka! Nani ana uzoefu na dawa zao?

BintiKisutu:
Pole mwalimu. Mwaka wa sita huu napakana ukuta na mama wa Kigujarati, namwita Ba kama wajukuu zake. Kwake kohozi ni kapha imezidi, kitu kizito, cha baridi, kinachonata, kwa hiyo dawa yake lazima iwe kali na ya moto. Akinisikia napiga chafya anakuja na fundo la kitambaa.

Ndani kuna ajmo, zile mbegu ndogo wanazotia kwenye bhajia, wengine huita ajwain. Anazikaanga kavu kwenye chuma cha chapati mpaka zinukie, anazifikicha kwa kiganja, anafunga. Unalinusa likiwa vuguvugu, unalipitisha kwenye mashavu chini ya macho. Harufu inapanda mpaka utosini. Sikudanganyi, pua yangu hufunguka nusu saa tu. Ila hiyo nusu saa ndiyo napata usingizi.

Asubuhi ni vitonge vya unga wa tangawizi kavu, sukari guru, samli na manjano kidogo, kimoja kabla ya chai. Mtindi na ndizi usiku marufuku. Nikamuuliza, mbona jioni unanipa maziwa ya manjano, na maziwa nayo ni kapha? Akasema pilipili manga iliyomo inayatuliza, akaniongezea kikombe.

Nesi_Mstaafu:
Fundo na vitonge sina neno navyo, labda uwe na kisukari. Ugomvi wangu ni maji ya bomba. Kuna amiba inaitwa Naegleria fowleri. Ukiinywa haikudhuru, ikipanda puani inaweza kufika kwenye ubongo. Ni nadra, lakini karibu wote inaowapata hufa. Chemsha maji dakika tano, yapoe, kikombe kimoja kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisijae. Chumvi ikiwa sawa haiwashi.

Matone ni siku tatu hadi tano, yakizidi yenyewe ndiyo yanaziba pua. Halafu umesema tangu Juni? Kikohozi kikipita wiki mbili tunapima TB kwanza. Peleka makohozi.

MzeeWaPwani:
Sisi tunapandisha maji puani kila udhu na mafua tunapata vilevile 😂

Mwalimu_Chaki:
Asanteni. Matone nimeacha leo, pua kama imepigwa zege. Kesho nikimaliza kipindi cha pili naenda kupima. BintiKisutu, ajmo nitafute Kariakoo?

BintiKisutu:
Ya nini nauli? Mgongee jirani, na kitambaa uende nacho.