Naomba ushauri: kupitisha dawa ya wadudu kwenye dripu bila kuchafua kisima

Wakuu habari za jioni. Nalima nyanya huku Ilula kwa dripu (mipira ya kumwagilia tone tone), maji navuta kisimani kwa pampu ya umeme na kisima hichohicho ndo tunakunywa sisi na majirani. Nataka kupitisha imidacloprid (dawa ya wadudu) kwenye dripu kwa venturi (kifaa cha kwenye bomba kinachofyonza dawa na kuichanganya na maji) kwa ajili ya nzi weupe, ila kinachoninyima usingizi ni umeme, ukikatika ghafla pampu inazima na maji ya kwenye bomba yanarudi chini kisimani pamoja na dawa, na hiyo dawa inayeyuka vizuri tu kwenye maji. Fundi anasema futivalvu ya kule chini (valvu ya mwisho wa bomba kisimani, inayozuia maji yasirudi) inatosha, mi naona haitoshi, ikinaswa na kachanga kadogo tu haifungi.

Nawaza nifunge chekivalvu (inayopitisha maji upande mmoja tu) kabla ya venturi na valvu ya kuingiza hewa ili bomba lisifyonze maji kurudi nyuma, au maji yamwagikie kwanza kwenye tenki, mdomo wa bomba ukae juu usiguse maji, ndo dawa iingie baada ya tenki? Halafu udongo wangu ni wa kichanga, nikimwagilia kupitiliza si dawa itazama kupita mizizi? Aliyefunga mfumo kama huu aniambie valvu ipi ya kuaminika kwa bomba la inchi moja na nusu.