Bison inanipa 7 - 2 - 1 = 6, sarufi yangu ina kosa gani?

tarakimu_tu:
Wakuu habari. Natengeneza kikokotoo kwa Bison, ile programu inayosoma sarufi na kuzalisha kichanganuzi cha C. Sarufi yenyewe ni hii:

`expr: NUM | expr '+' expr | expr '-' expr | expr '*' expr | expr '/' expr ;`

Inatoa onyo la migongano 16, lakini faili la C linazalishwa, kwa hiyo nikaendelea. Jana 7 - 2 - 1 ikatoka 6, na 2 * 3 + 4 ikatoka 14! Msimbo wa C nimeukagua mstari kwa mstari, sioni kosa. Naombeni msaada.

mkunja_kanuni:
Mkuu, msimbo wa C hauna kosa. Onyo uliloliruka ndilo lenye jibu.

Kichanganuzi kikishasoma 7 - 2, kinachungulia mbele na kukuta alama nyingine ya kutoa. Kiikunje 7 - 2 iwe expr moja, au kiisukume alama hiyo kwenye rundo kiendelee kusoma? Sarufi yako inaruhusu yote mawili. Ikifika hapo, Bison husukuma. Ndiyo maana umepata 7 - (2 - 1), na 2 * (3 + 4). Hata hiyo 16 ina asili yake: kanuni nne, kila moja ikifuatwa na mojawapo ya alama nne.

Juu ya `%%` weka:

`%left '+' '-'`
`%left '*' '/'`

`%left` inasema alama zenye nguvu sawa zikunjwe kuanzia kushoto, na mstari wa chini ndio wenye nguvu zaidi.

Nakuomba sana, usizoee kuona migongano. Niliwahi kuuacha mmoja, ule wa if mbili zinazogombea else moja. Ule hauna madhara, kusukuma kunaishikiza else kwenye if ya karibu. Baadaye nikaongeza kanuni, mgongano ukawa wa pili, nami sikutazama hata idadi. Siku tatu nilitafuta kosa mahali ambapo halikuwepo. Endesha `bison -v` usome faili la .output, au kama unayo Bison toleo la 3.7 na kuendelea, `-Wcounterexamples` itakuonyesha mfano wenyewe unaosomeka kwa njia mbili.

mkono_mtupu:
Andika kwa mkono tu. Hata GCC, kikusanyaji cha C na C++, iliacha Bison kwa C++ tangu toleo la 3.4, mwaka 2004.

mkunja_kanuni:
Ni kweli, na C++ ina sarufi ngumu mno. Ila kwa mkono, huyu asingeonywa na mtu kwamba sarufi yake ina maana mbili.

tarakimu_tu:
Sasa napata 4 na 10, asanteni! Nimeongeza `'-' expr` kwa namba hasi. Onyo hakuna, -2 * 3 inatoa -6. Iko sawa?

mkunja_kanuni:
Jibu ni sahihi, ila mti, yaani jinsi sehemu za hesabu zilivyopangwa, siyo. Kanuni hurithi nguvu ya tokeni yake ya mwisho, hapa ni alama ya kutoa, ambayo iko chini ya kuzidisha. Umejenga -(2 * 3). Chini ya zile `%left` ongeza `%precedence HASI`, kisha kanuni iwe `'-' expr %prec HASI`. Halafu chapisha mti wenyewe, usitazame jibu peke yake.

tarakimu_tu:
Nimeuchapisha. Hasi imeshika 2 peke yake, kuzidisha kuko juu yake.