Kasta 25 au 30: gari moja inageuka mno, tena inakataa kugeuka

Changarawe Nyeusi, Katindo
Jambo wandugu. Niko na gari ndogo ya telekomande aina ya bagi, kipimo cha 1/10 ya gari halisi, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Tunaikimbiza Jumapili mchana nyuma ya nyumba ya mjomba hapa Goma, kwenye changarawe ya volkano, na lava inatokeza hapa na pale. Mwezi uliopita nilitoa vipande vya kasta (ule ulalo wa nyuma wa mhimili ambao gurudumu la mbele linageukia) vya digrii 5 nikaweka vya 0, maana niliona gari inachelewa kuingia kona. Pua ya shasi imeinuliwa digrii 25, kwa hiyo ukijumlisha, nilitoka 30 nikashuka 25. Sasa nikikata kidogo tu pua inaruka ndani na nyuma inazunguka. Penye kunyooka inatangatanga. Lakini nikifika katikati ya kona nikaongeza gesi, haigeuki tena, inaenda kugonga mapine ya pembeni. Inawezekanaje?

Beringi
Kwanza shika magurudumu ya mbele uyatikise. Beringi zikilegea gari itatangatanga hata uweke kasta gani.

Fundi wa Birere
Inawezekana, mdogo wangu, na umelieleza vizuri. Kasta inahamisha mahali gari inapogeukia. Ule mhimili ambao gurudumu linageukia ukisimama zaidi, kugeuka kwingi unakupata mwanzoni, ulipoachia gesi na uzito umekuja mbele. Ukilala nyuma zaidi, kuingia kunakuwa kwa upole, ila ukiongeza gesi pua bado inashika. Ukikata kona, mhimili uliolala unafanya kichwa cha gurudumu la nje kilalie ndani, na gari ikiegemea nje lile pine linakanyaga kwa upana wake. Tena pine linagusa chini nyuma kidogo ya pale mhimili unapoelekea, ndiyo maana linajivuta kunyooka.

Pita Rond-point Chukudu uangalie ile sanamu ya chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, au bora usimame njia ya Kibumba chukudu zikishuka na mizigo. Mti wa usukani umelala nyuma. Nilisukuma chukudu nikiwa kijana, na ule ulalo ndio uliokuwa unanishikia njia kwenye mawe.

Kwa uwanja wako rudisha 30. Halafu, na hapa wengi wanasahau: ukibadilisha vipande, ile fito ya usukani nayo imebadili pembe. Bonyeza pua juu-chini utazame magurudumu. Yakijigeuza yenyewe, badilisha unene wa washa (kile kipete bapa) chini ya boli yenye kichwa cha mviringo inayoshika hiyo fito, mpaka yatulie. Usiguse springi siku hiyohiyo, hutajua kilichosaidia ni nini.

Lami Tu, Himbi
Sisi wa lami tunakaa digrii 4 au 6, mapine yanashika sana. Usichukue namba zetu.

Changarawe Nyeusi
Aksanti sana mukubwa, na wewe Beringi. Beringi zilikuwa nzima. Nilipobonyeza pua, gurudumu la kushoto lilikuwa linajigeuza kweli. Washa ya milimita 1 imelituliza. Nimerudisha 30. Penye kunyooka sasa naachia usukani na gari inaenda, na nikitoka kona naongeza gesi mapema, mapine siyagongi tena. Ila kuingia lazima nianze kukata karibu mita nzima kabla ya kona, na ile ya mwisho, iliyobana sana, bado inanishinda. Natafuta vipande vya 2.5. Kuna mtu anavyo, hata vilivyotumika?

Fundi wa Birere
Ninavyo viwili. Pita jioni.